Keroro ama Sumu? Hivi Ndivyo Miale Usiyoiona Hutambua Methanoli Kwa Tone Moja

Weka glasi mbili kwa meza. Ya kwanza iko na ethanoli, ile pombe ya kwa bia, waini, mzinga na chang'aa. Ya pili iko na methanoli, ile ya viwandani, inayotumika kwa tina, kwa maji ya kuosha vioo vya gari na kutengeneza kemikali zingine. Zote ni safi kama maji. Zote zinanuka pombe. Zote zinashika moto. Ukionja, ulimi hautakuambia chenye umemeza. Moja itakuamsha na hangova. Ingine inaweza kukunyang'anya macho, ama ikulaze mochari.

Na hii si stori ya kutisha watoi. Novemba 2000, kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 130 Nairobi, wengi wao wakiwa wakazi wa mitaa ya Mukuru, na wengine wakabaki vipofu. Mei 2014, zaidi ya watu 70 walikufa ndani ya siku chache kwa kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, wasee 17 wakaenda. Kila mara stori ni ile ile: watu walikunywa kitu kilichofanana na keroro ya kawaida, wakalala, wakaamka kama hawaoni.

Sasa, kama macho, pua na ulimi vyote vimefeli, nani anaweza kujua tofauti? Jibu ni mwanga. Lakini si huu mwanga wa balbu. Ni miale ya infraredi, na kazi yake inaitwa spektroskopia ya infraredi. Usiogope hilo jina. Ukishawahi kupanda mathree yenye besi imeshiba, tayari umeelewa nusu ya hii kitu.

Kwanza, tofauti iko wapi?

Methanoli ni kaboni moja, oksijeni moja na haidrojeni nne. Ethanoli ni kaboni mbili, oksijeni moja na haidrojeni sita. Kwa lugha rahisi, ethanoli ni methanoli iliyoongezwa kibehewa kimoja cha kaboni. Mkia wa zote mbili ni ule ule: oksijeni iliyoshika haidrojeni, yaani O–H.

Huo mkia ndio wanakemia wanaita kundi tendaji. Ni kikundi kidogo cha atomi ambacho huamua tabia ya molekuli nzima. Kundi la O–H likikaa kwa kaboni namna hii, unapata pombe. Ndio maana hizi mbili zinafanana sura, harufu na hata vile zinalewesha. Ni ndugu wa mama mmoja.

Shida inaanza kwa ini. Ethanoli ikifika huko inavunjwa kuwa asetaldehaidi, kisha asidi ya asetiki, ile ya kwa siki, halafu mwili unaimaliza. Methanoli nayo inapita njia ile ile lakini inatoka ikiwa fomaldehaidi, ile kemikali ya kuhifadhi maiti, kisha inakuwa asidi ya fomiki, ile ambayo aina fulani za sisimizi hurushia maadui. Hiyo asidi inazuia seli zisitumie oksijeni. Unapumua vizuri, lakini seli zako zinakosa hewa. Neva za macho ndizo huumia mapema.

Kiasi gani kinatosha? Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, imewahi kupofusha mtu. Mililita 30, kama toti moja ya kilabuni, inaweza kuua. Kibehewa kimoja cha kaboni ndicho kinatenganisha usiku wa raha na mazishi.

Molekuli hazijui kutulia

Kwa vitabu vya shule, molekuli huchorwa kama vishanga vimeunganishwa na vijiti. Hiyo picha inadanganya kidogo. Bondi kati ya atomi mbili haijakauka kama kijiti. Iko kama springi. Atomi zinavutana, zinaachiliana, zinajikunja kushoto na kulia, saa zote, hata wakati chupa imetulia kabatini.

Na spidi yake ni noma. Bondi ya kaboni na oksijeni kwa pombe hutikisika mara trilioni 31 hivi kwa sekunde. Ile ya oksijeni na haidrojeni inafika karibu trilioni 100.

Kitu muhimu ni hiki: kila bondi iko na mtikisiko wake. Bondi ya C–H haitikisiki kama ya C–O. Ni kama spika na nyuzi za gita, kila moja iko na noti yake. Ukiweza kusikia noti, unaweza kusema ni bondi gani iko ndani, bila hata kuiona.

Stori ya besi na dirisha la mathree

Umeshawahi kuwa kwa mathree, ngoma inapiga, halafu ghafla dirisha moja linaanza kuvuma lenyewe? Ngoma ikibadilika, hilo dirisha linanyamaza, na sasa ni bati la juu linatetemeka. Hakuna mtu amegusa dirisha. Ni vile noti fulani ya besi imelingana na mtikisiko asili wa hicho kioo, kwa hivyo kioo kikakula hiyo nguvu kikaanza kucheza. Noti zingine zote zilipita tu.

Miale ya infraredi inafanya hivyo kwa molekuli. Ni mwanga, lakini mawimbi yake ni marefu kuliko ya rangi nyekundu, kwa hivyo jicho haliyapati. Mwaka wa 1800, mwanaastronomia William Herschel, akiwa Uingereza, alipasua mwanga wa jua na kioo cha prizimu ukawa rangi za upinde wa mvua, akaweka kipimajoto kwa kila rangi. Alipokiweka kando ya nyekundu, mahali palionekana patupu, joto likapanda zaidi. Kulikuwa na mwanga pale, ni vile tu macho hayauoni. Rimoti ya TV yako hutumia aina moja ya huo mwanga. Washa kamera ya simu, elekeza rimoti kwa kamera, bonyeza. Kwa simu nyingi utaona taa ndogo ikiwaka.

Bahati nzuri ni kwamba infraredi ya kati inatikisika kwa spidi inayolingana na spidi ya bondi. Kwa hivyo ukipitisha miale ya aina nyingi kwa tone la kinywaji, kila bondi inakula noti yake na kuacha zingine zipite. Upande wa pili kuna kifaa kinachohesabu ni noti gani zimefika na gani zimepotea. Zile zimepotea ndizo zinataja majina ya bondi zilizo ndani.

Matokeo ni grafu. Mstari unakimbia juu, halafu unaanguka shimo kila mahali mwanga umeliwa. Hiyo grafu ndiyo spektra.

Kwa nini kila bondi iko na noti yake?

Mambo mawili tu: uzito wa atomi na ugumu wa springi.

Anza na uzito. Mathree tupu ikigonga bampa inaruka haraka haraka. Ikijaa mpaka mlangoni, inayumba polepole. Springi ni zile zile, mzigo ndio umebadilika. Haidrojeni ndiyo atomi nyepesi kuliko zote, kwa hivyo bondi yoyote iliyoshika haidrojeni inatikisika kwa spidi ya juu. Wanasayansi wamehakikisha hii kwa njia safi sana: walichukua bondi ya C–H, wakatoa haidrojeni ya kawaida, wakaweka haidrojeni nzito ambayo uzito wake ni mara mbili. Ugumu wa bondi ukabaki ule ule, lakini noti ikashuka kutoka karibu 2900 hadi karibu 2100.

Hizo namba ni za nini? Ni kipimo kinachoitwa nambawimbi: mawimbi mangapi yanaingia kwa sentimita moja. Namba ikiwa kubwa, mtikisiko uko na spidi zaidi. Basi, usiumize kichwa.

Sasa ugumu. Kaboni mbili zikishikana kwa bondi moja, noti iko karibu 1200. Zikishikana kwa bondi mbili, inapanda karibu 1650. Zikishikana kwa bondi tatu, inafika karibu 2150. Atomi ni zile zile, springi ndiyo inaendelea kuwa ngumu. Ni kama uzi wa gita: ukikaza, sauti inapanda.

Kuna sharti moja

Si kila bondi inakula infraredi. Mwanga ni wimbi la umeme, kwa hivyo unaweza kusukuma bondi tu kama mtikisiko wake unasogeza chaji ya umeme.

Chukua O–H. Oksijeni ni mchoyo, inavuta elektroni kwake, kwa hivyo upande mmoja unakuwa hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Bondi ikitikisika, hizo chaji zinaenda mbele na nyuma. Mwanga unapata mahali pa kushika. Lakini naitrojeni ya hewani ni atomi mbili pacha, zinavutana sare, hakuna mwenye ameshinda. Oksijeni ya kupumua ni hivyo hivyo. Miale inapita hizo kama hazipo.

Naitrojeni na oksijeni ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, na hazishiki infraredi. Kaboni dioksidi, ambayo ni kidogo sana hewani, inashika, hasa karibu na 2350 na 667. Ndio maana hii gesi kidogo inaweza kuzuia joto la dunia lisitoroke angani. Ule mjadala wote wa tabianchi, ukiuchimba mpaka chini, utakuta bondi zinazotikisika.

Hata ndani ya maabara hii iko na athari. Mtu anayetumia mashine akipumulia karibu nayo, kaboni dioksidi ya pumzi yake inaonekana kwa grafu pale 2350. Ndio maana kwanza anapima ikiwa tupu, halafu anapima sampuli, mashine inatoa tofauti.

Jinsi ya kusoma grafu kama mwenyewe

Mwaka wa 1905, Mmarekani William Coblentz alichapisha spektra za vitu zaidi ya 100 alivyopima mwenyewe, moja baada ya ingine. Kitu kikawa wazi: vitu vyenye kundi moja la atomi vinaacha alama mahali pamoja, hata kama molekuli zingine zote zinatofautiana. Kutoka hapo ikawa kama ramani ya mtaa. Unajua kila kundi linakaa wapi.

Grafu husomwa kutoka 4000 upande wa kushoto hadi karibu 400 kulia. Mitaa yenyewe ni hii:

• 3200 hadi 3550: Ukiona shimo pana kama bonde, hiyo ni O–H ya pombe. Ni pana ju molekuli za pombe hushikana mikono, na kila moja imeshikwa tofauti kidogo, kwa hivyo noti zinasambaa.

• Karibu 3300 hadi 3500, lakini jembamba: Hapo ni N–H. Meno mawili yanamaanisha naitrojeni imeshika haidrojeni mbili. Jino moja, haidrojeni moja.

• 2850 hadi 3000: C–H. Iko kwa mafuta, kwa plastiki, kwa pombe, kwa kila kitu. Ni kama kuambiwa mshukiwa ana miguu miwili.

• 2100 hadi 2260: Bondi tatu. Huu mtaa huwa mtulivu sana, kwa hivyo ukiona alama hapa, amka.

• 1650 hadi 1800: C=O, selebriti wa grafu. Shimo lake ni refu na kali, halikosekani. Likikaa karibu 1740 ni esta, karibu 1715 ni ketoni, karibu 1650 ni amaidi, ile bondi ya kwa protini.

• 1000 hadi 1300: C–O. Weka hii akilini, ndiyo itatoa hukumu.

• Chini ya 1500: Hapa ni fujo. Molekuli nzima inajikunja na kuyumba kwa pamoja, mashimo yamejaa. Lakini fujo hiyo ni ya kipekee kwa kila molekuli, ndio maana wanaita eneo la alama za vidole. Huhitaji kuelewa kila shimo. Unalinganisha tu na rekodi.

Hebu jaribu na tembe ya maumivu. Parasetamoli halisi inaonyesha C=O ya amaidi karibu 1650, na N–H karibu 3300. Aspirini inaonyesha C=O mbili, moja karibu 1750 na ingine karibu 1690. Tembe ya chokaa iliyopakwa rangi haina zote hizo. Inaonyesha shimo kubwa karibu 1400 na jino karibu 875, basi. Lebo inaweza kusema chenye inataka.

Sasa turudi kwa glasi zetu mbili

Tone la kwanza, ethanoli. Kuna bonde la O–H huko 3300. Kuna C–H karibu 2900. Ukishuka kwa C–O, unapata mashimo mawili makali, moja karibu 1045 na dogo karibu 1085. Halafu kuna lingine dogo karibu 880.

Tone la pili, methanoli. Bonde la O–H lipo. C–H zipo. Mpaka hapa ni ndugu pacha. Lakini ukifika kwa C–O, kuna shimo moja kubwa, na limesogea: linakaa kati ya 1015 na 1030, kulingana na maji yaliyomo. Kule 880 ni kimya.

Kwa nini? Ju ya kile kibehewa. Ndani ya ethanoli, kaboni iliyoshika oksijeni imeshika pia kaboni ingine. Bondi mbili zimefungwa kwa atomi moja, kwa hivyo haziwezi kutikisika kila mtu kivyake. Zinatikisika kama wasee wawili wamebeba sofa moja kwa ngazi: mara wanaenda pamoja, mara wanavutana. Kila mtindo iko na noti yake. Methanoli haina kaboni ya pili, hakuna wa kubeba naye sofa, kwa hivyo hizo noti hazipo.

Tofauti ya 1045 na 1020 inaonekana ndogo. Lakini mashine ya kawaida ya maabara hutenganisha noti zilizoachana kwa 4 tu. Kwa mashine, hizi mbili ziko mbali kama Rongai na Thika.

Na kinywaji kikiwa na zote mbili, alama zote zinaonekana kwa grafu moja, na kina cha shimo kinaonyesha ni kiasi gani. Mwanga haudanganyiki na rangi ya chupa, harufu iliyoongezwa ama stika mpya.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi?

Zamani ilikuwa kama kutafuta stesheni kwa redio ya kuzungusha: unapima noti moja, unazungusha kidogo, unapima ingine. Ilichukua muda. Mashine za leo zinasikiza stesheni zote mara moja. Vioo viwili ndani, kimoja kinasonga, vinachanganya miale yote kuwa ishara moja iliyovurugika. Kisha kompyuta inatumia hesabu za Joseph Fourier, Mfaransa aliyekufa 1830, kuitenganisha kila noti. Sekunde chache, grafu iko kwa skrini.

Na hauhitaji chupa nzima. Unaweka tone moja juu ya kijipande cha almasi. Miale inapita ndani ya almasi, inagusa kinywaji kidogo tu pale juu, inarudi na habari. Ukimaliza unapangusa na tishu. Kuna hata za kubeba kwa mkono.

Lakini isipigwe kifua sana

Mashine hii iko na mipaka. Maji yenyewe yamejaa O–H, na kinywaji ni maji mengi, kwa hivyo mtaa wa 3300 unafunikwa wote. Ndio maana hukumu inatoka kwa C–O, mahali maji hayapigi kelele sana. Pia methanoli ikiwa kidogo kabisa ndani ya pombe nyingi, shimo lake linaweza kujificha nyuma ya la ethanoli. Hapo maabara hutumia gesi kromatografia, ambayo kwanza inatenganisha vitu kimoja kimoja kabla ya kuvipima. Infraredi ni ile ya kukamata haraka. Kromatografia ni ya kuhakikisha, hasa kama kesi inaenda kortini.

Hizi bondi zinakufuata kila mahali

Vile vipima pumzi vidogo vya barabarani mara nyingi hutumia seli ya kemikali. Lakini zile mashine kubwa zinazokaa kwa vituo vya polisi nchi kama Marekani na Uingereza hutumia infraredi: zinaangalia C–H ya pombe kwa pumzi, na nyingi huangalia pia C–O, pale pale karibu na 1050. Zinaangalia mbili ju msee mwenye kisukari anaweza kutoa asetoni kwa pumzi, na asetoni nayo iko na C–H. Kukosea hapo ni kumfunga mtu hajaonja hata tone.

Mashine za kupima maziwa kwa viwanda hufanya hivyo pia: C=O ya mafuta, amaidi ya protini, C–O ya sukari ya maziwa. Ukiongeza maji, mashimo yote yanapungua kwa pamoja, na hapo umeshikwa. ICU, kifaa kinachofuatilia pumzi ya mgonjwa kinasoma kaboni dioksidi kwa njia hiyo hiyo. Na hapa kwetu Gigiri, maabara ya taasisi ya utafiti wa kilimo-misitu, ICRAF, imetumia infraredi kwa miaka mingi kusoma udongo wa Afrika, ili mkulima ajue shamba lake linakosa nini bila kusubiri vipimo vya bei ghali.

Hii inakusaidia aje wewe wa mtaani?

Ukweli ni kwamba hakuna mtu atabeba mashine ya infraredi mpaka base. Lakini ukishajua tofauti ya hizi pombe iko ndani ya bondi, unaelewa mbona zile mbinu za mtaani ni bure kabisa.

Kuna wenye husema washa moto, ukiwa bluu iko sawa. Zii. Ethanoli inawaka bluu, na methanoli inawaka bluu hafifu ambayo hata mchana huioni. Zikichanganywa, moto hauwezi kukuambia kitu. Kunusa? Harufu ni moja. Kuonja? Ukionja umeshameza. Kumwona mwingine amekunywa na bado anatembea? Hiyo ndiyo mbaya zaidi, ju methanoli hupoa. Dalili mbaya zinaweza kuja saa 12 hadi 24 baadaye, na kama ilichanganywa na ethanoli zinachelewa zaidi, kwa sababu ini hushughulikia ethanoli kwanza. Yule anayetembea anaweza kuwa amesharuka mpaka, ni vile tu hajajua.

Kitu kingine: methanoli inayoua watu wengi kwa mpigo kawaida haitoki kwa kuchachusha nafaka. Mtu huiongeza, ju ni ya bei ya chini na inaongeza nguvu haraka. Kwa hivyo keroro ya bei ya kushangaza, isiyo na chanzo kinachojulikana, iliyopimwa kutoka kwa jerikeni, ndiyo ya kuogopa kuliko zote.

Kama wewe ama beshte yako mmekunywa kitu na kesho yake kichwa kinapasuka, tumbo linauma, mnatapika, mnahema haraka, ama macho yanaona ukungu kama TV iliyopoteza signo, usiseme ni hangova. Usilale. Usijaribu kujitibu kwa keroro zaidi. Pigeni 999 ama 112, ama mkimbie hospitali, na mbebe chupa yenyewe kama bado iko. Madaktari wako na dawa ya kuzuia ini lisigeuze methanoli kuwa asidi, na mashine ya kuosha damu, lakini zinafanya kazi vizuri zaidi kabla asidi ijae. Kila saa inahesabika. Waambie na wenye mlikunywa nao, hata kama wanasema wako fiti.

Na hiyo chupa mliyobeba? Tone moja linatosha. Ikiwekwa chini ya miale, bondi zilizo ndani zitajitaja zenyewe, na pengine hiyo ndiyo itafanya jerikeni lililobaki lisifike kwa base ingine.